Dirisha Linaloinamia Ndani

Eldoret, asubuhi

Karibu kila dirisha la Eldoret hufunguka kwa nje. Nimetembea kutoka stendi hadi Barabara ya Uganda, nikapita nyuma ya maduka ya jumla, nikashuka hadi darajani kwenye mto Sosiani, na mtindo ni ule ule. Dirisha la chuma, mabawa mawili, yamesukumwa upande wa barabara na kushikwa na stei, ule upapi mwembamba wenye matundu unaokaa juu ya kijiti chini ya fremu. Upande wa chumbani iko grili. Na grili ndiyo iliyoamua mengine yote: ikishachomelewa kwa ndani, bawa halina pa kwenda ila nje. Mwenye nyumba hupenyeza mkono kati ya vyuma, akainua stei, akasukuma bawa, kisha akatafuta tundu jingine la kuliegesha. Mama mmoja katika hoteli niliponywea chai alifanya hivyo bila kutazama, huku mkono wa pili ukimimina maziwa.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwa miaka kadhaa niliishi Edinburgh, Scotland, ambako madirisha mengi ya siku hizi hufanya kinyume: humwinamia aliye ndani. Tangu hapo, popote nifikapo, jambo ninalolitazama kwanza ni nini kinacholishika dirisha likiwa wazi, na nani awezaye kukifungua. Nimekuja huku kwa shemeji yangu, anayejenga nyumba ya kupangisha upande wa Kapsoya. Aliponiambia amefikia kuagiza madirisha, nilimwomba asiagize chochote hadi nifike.

Historia ya mji huu yenyewe ina chuma na kufuli ndani yake. Makaburu walifika kwenye uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, na mji ukachipuka juu ya shamba nambari 64, ndiyo maana wazee bado huuita Sisibo. Husimuliwa kwamba benki ya kwanza ilipoletewa sefu yake, mwaka 1912, iliporomoka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ikawa nzito mno kunyanyuliwa, na kuta za benki zikajengwa kuizunguka pale pale ilipoanguka. Chuma kwanza, nyumba baadaye. Leo Eldoret ni jiji, lilipewa hadhi hiyo tarehe 15 Agosti 2024, na maghorofa yanapanda kila upande. Sehemu ya fedha za kuyajenga imetoka miguuni mwa wanariadha, wengi wao waliokimbia Berlin, Boston na Chicago na kurudi kuwekeza nyumbani. Nimewatazama mafundi wakipachika madirisha orofa ya tano kwa mtindo ule ule wa nyumba ya chini, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kudunda.

Edinburgh, kutoka daftari la zamani

Nyumba nyingi za zamani za Edinburgh ni maghorofa ya mawe, orofa nne au tano, ngazi moja kwa wapangaji wote. Dirisha lake ni fremu mbili zinazoteleza wima, moja nyuma ya nyingine. Kila fremu inaning'inia kwa kamba mbili, moja kila ubavu, kila moja ikipita juu ya kapi na kushuka ndani ya kisanduku cha mbao kilichofichwa ubavuni, ambamo kuna kipande kirefu cha chuma kizito. Uzito wa vyuma hivyo viwili kwa pamoja unalingana na uzito wa fremu. Mtu aliyekulia karibu na majahazi ataelewa bila kuchorewa: ni kapi ya tanga, imehamishiwa ukutani.

Uzuri wa dirisha hilo ni kwamba halichukui nafasi, si ndani wala nje, na upepo hauna bawa la kulinyakua. Ubaya wake ni kioo cha nje. Nani atakiosha, orofa ya nne, barabara ikiwa chini mita kumi na zaidi? Zamani mtumishi alikaa juu ya ukingo wa dirisha, miguu ndani na kiwiliwili nje, akasugua. Watu walianguka. Ndipo Waskoti wakabuni utaratibu wanaouita Simplex, ambao bado uko kwenye maelfu ya nyumba: kamba za upande mmoja zinalegezwa kwa skrubu ya kugeuzwa kwa vidole, upande wa pili una bawaba, na fremu yote ya chini inavutwa ndani kama bawa la kawaida. Kanuni za ujenzi za Scotland hadi leo zinataka kioo kilicho zaidi ya mita 4 juu ya ardhi kiweze kusafishwa kwa usalama.

Nyumba niliyokaa mimi ilikuwa imebadilishiwa madirisha. Ndani ya ubavu hapakuwa tena na kamba wala chuma kizito, kulikuwa na springi iliyosokotwa ndani ya bomba. Juu ya fremu ya chini, pembe ya kulia na ya kushoto, palikuwa na makomeo mawili madogo ya kusukumwa kwa kidole gumba. Bibi wa orofa ya juu, mjane aliyenifundisha mengi kuhusu mji ule, alinionyesha namna ya kuyatumia, na alinionyesha taratibu kwa sababu alijua kosa lake lilivyo. Inua fremu kidogo, upana wa kiganja. Weka vidole gumba juu ya makomeo yote mawili. Yasukume kuelekea katikati kwa pamoja, kamwe usianze moja. Kisha fremu inaanza kukuinamia kwa juu, huku sehemu yake ya chini ikizunguka juu ya vijiti viwili vilivyoingia kwenye viatu vya plastiki ndani ya mfereji.

Viatu vile vina ujanja ndani yake. Fremu inapoinama, kijiti kinageuka pamoja nayo na kukibana kiatu mferejini, ili springi isiyo tena na uzito wa kuvuta isikirushe juu. Ukifungua komeo moja tu, fremu inajipinda, kijiti cha upande mmoja kinachomoka, na springi inaruka kwa kishindo. Fremu hubaki imeshikwa na kona moja.

Lakini kifaa ninachotaka kukiandika hasa ni kingine, na ni kidogo kuliko vyote. Ubavuni mwa fremu palikuwa na mkono wa chuma, mrefu kama kalamu mbili, mwisho wake mmoja umefungwa kwenye fremu na wa pili unateleza ndani ya mfereji. Dirisha lilipoinama kiasi fulani, mkono ule ulinyooka, ukakaza, na dirisha likasimama. Tak. Lingetaka kuendelea kushuka lisingeweza. Ili lilale kabisa kwa kuoshwa, ilibidi mtu auchomoe mkono huo kwa makusudi, kwa vidole viwili, baada ya kujiandaa kulipokea dirisha kwa mkono mwingine au kuliegemeza juu ya kiti.

Fanya hesabu ya uzito. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene katika mita moja ya mraba. Kioo cha tabaka mbili, kila tabaka milimita 4, kina kilo 20 kwa mita ya mraba. Fremu ya sentimita 90 kwa 90 basi imebeba kilo 16 za kioo kabla hujahesabu mbao. Bila mkono ule, kilo hizo zinamwangukia kifuani mtu anayeosha dirisha, mara nyingi mama mwenye ndoo miguuni na mtoto nyuma yake. Nimeyaona madirisha ya bei nafuu yaliyowekwa bila mkono, na nimeona makomeo yake yamekwama kwa rangi iliyopakwa juu yake, upande mmoja tu. Hayo ndiyo hatari kabisa, kwa sababu mtu hulazimisha.

Kuna kizuizi cha aina ya pili kwenye dirisha hilo hilo, na kazi yake ni ya mtoto. Ni kishikizo kinachotokeza kwenye reli ya fremu na kuizuia isiinuke zaidi ya milimita 100. Kipimo hicho cha milimita 100 ndicho mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza inachokitaka kwenye madirisha ya hospitali na nyumba za kutunzia wazee, pale ambapo mtu anaweza kuangukia nje. Hewa inaingia, mwili haupiti. Mtu mzima anakifungua. Mtoto hawezi kwa urahisi.

Berlin, kwa ufupi

Ujerumani dirisha halitelezi. Lina mshikio mmoja wenye nafasi tatu: ukielekea chini limefungwa, ukilala upande linafunguka lote kwa ndani, ukielekea juu dirisha linainama kwa ndani kutoka juu, upana wa viganja viwili hivi, na linabaki hapo. Kampuni ya Roto ilianza kutengeneza vifaa vya aina hiyo kiwandani mwaka 1935. Ndani ya bawa kuna ulimi unaomzuia mtu asigeuze mshikio bawa likiwa tayari wazi, kwa kuwa akifanya hivyo bawa lote litaning'inia kwenye bawaba moja ya chini. Nilipoliona nilifikiri wamemaliza matatizo yote. Hawajamaliza: madaktari wa wanyama huko hupokea paka walionasa kwenye ule mwanya wenye umbo la herufi V, wakijaribu kutoka, na kadiri wanavyojitikisa ndivyo wanavyoteremka mahali pembamba zaidi. Kwa hiyo kuna vizuio vya kuuzwa kwa ajili ya mwanya huo nao.

Wakimbiaji wa Kaptagat na Iten wamelala mara nyingi nyuma ya madirisha ya namna hiyo. Najiuliza kwa nini wengi wao, wakirudi kujenga, wanajenga dirisha la kufunguka nje na grili ya kutofunguka. Jibu nililopewa na shemeji ni la moja kwa moja: mwizi.

Eldoret, ofisi ya zamani

Nimeliona dirisha linaloinamia ndani. Liko katika ofisi ya zamani katikati ya mji, jengo la mawe la kabla ya uhuru, dari refu, sakafu ya mbao. Juu ya dirisha kubwa la chuma kuna kidirisha kirefu cha kulala, kimefungwa bawaba chini, kinashuka kwa ndani kutoka juu ili hewa ya moto itoke. Madirisha ya chuma ya namna hiyo yalisambazwa na Waingereza katika makoloni yao. Kampuni ya Crittall ya Essex ilikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo, ingawa hili la Eldoret sikuona jina lililochongwa juu yake.

Karani aliniruhusu nipande kiti. Kila upande wa kidirisha hicho kulikuwa na mkono wa chuma wenye umbo la robo duara, ukipita kwenye tundu la fremu na kuishia kwa kichwa kinachozuia usichomoke. Yaani wazo la Edinburgh lilikuwa hapa Eldoret zamani: mkono unaokaza, dirisha linasimama. Mkono wa kulia bado upo. Wa kushoto umevunjika, na mahali pake mtu amefunga waya wa kufungia nondo, mizunguko mitatu, umeota kutu. Meza ya karani iko chini yake hasa. Nilimwomba aisogeze, akacheka kwa upole, akasema kidirisha kimekaa hivyo tangu aajiriwe. Nikamwonyesha pale waya ulipokwisha kulika, umebaki mwembamba kama uzi wa nyavu. Hapo aliisogeza, na mlinzi akasaidia.

Hali ya hewa ya hapa inalitaka dirisha la namna hiyo kuliko hata hali ya kwetu pwani. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai usiku ni baridi ya kuvaa sweta mbili. Mvua huja alasiri, mara nyingi na mawe yake, na bawa lililo wazi kwa nje hupokea kipigo chote: upepo unalinyakua, stei inaruka kijitini, kioo kinapasuka. Dirisha linaloinama ndani kutoka juu huipa mvua mgongo. Maji yanayopiga kioo yanateremka na kutokea nje.

Kuna jambo la jiko pia. Nyumba za hapa zina matundu ya hewa ya kudumu juu ya dirisha, yenye wavu wa mbu. Usiku wa baridi watu huyaziba kwa karatasi ya nailoni au nguo kuukuu, halafu huingiza jiko la makaa chumbani. Gesi ya monoksidi ya kaboni isiyo na harufu imeua familia nzima nzima katika nchi hii kwa njia hiyo. Mwanya mdogo juu ya dirisha, unaoweza kufunguliwa na kufungwa, unaoshikwa mahali pake, unamwondolea mtu haja ya kuziba tundu la kudumu, kwa kuwa ana namna ya kupunguza baridi bila kuua hewa. Niliingia nyumba kadhaa za Langas na Huruma nikakuta nailoni matunduni karibu kila mahali, na sikuthubutu kumlaumu yeyote, maana usiku uliotangulia mimi mwenyewe nilitetemeka.

Pwani

Mji wa Kale, Mombasa, na Mji Mkongwe, Unguja, ilijengwa kwa watu wenye hofu tatu: mwizi, joto, na macho ya mpita njia. Madirisha mengi niliyoyaona Unguja ni marefu, yakianzia karibu na sakafu, yana vyuma vya kusimama vilivyopachikwa ndani ya fremu ya mbao, na vibao vya kufunga vilivyogawanywa viwili kwa urefu. Vya chini hufungwa kwa stara, vya juu huachwa wazi kwa upepo. Kila kibao kina komeo lake na ndoano yake, na ndoano huingia kwenye pete ukutani ili kaskazi isikipigishe.

Napenda kazi hiyo kwa moyo wote. Hata hivyo vyuma vyake havifunguki. Kwetu sisi ngazi ya ndani, kati ya kuta za matumbawe, ilikuwa njia ya kutokea, na moto haukuwa na godoro la sponji la kula. Eldoret ya leo ina magodoro hayo kila chumba, mitungi ya gesi kila jikoni, na nyaya za umeme zilizounganishwa na kila mpangaji anayejua kushika koleo.

New York, na Machakos

Mwaka 1972 idara ya afya ya New York ilianza kampeni iliyoitwa Children Can't Fly, baada ya kuona ni watoto wangapi walikuwa wakianguka kutoka madirishani, hasa maghorofa ya watu wa kipato kidogo. Familia zilipewa vizuio vya vyuma bure, vya kufungwa kwa skrubu. Walioanguka walipungua sana, na mwaka 1976 jiji likaweka sheria: jengo lenye nyumba tatu au zaidi, akiishi humo mtoto wa miaka 10 au chini, mwenye jengo lazima aweke kizuio. Sheria hiyo ina sehemu ambayo naipenda kuliko zote. Dirisha linalotokea kwenye ngazi ya moto haliwekwi kizuio. Waliotunga walikaa wakafikiri juu ya mtoto anayeanguka na mtoto anayeungua, wote wawili, kabla hawajatia saini.

Sisi Kenya tumefikiri juu ya mwizi. Sitaki kulisema hili kwa wepesi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, lilimwagiwa petroli na kuwashwa. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaosema wazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na grili na yafunguke kwa urahisi kwa nje, na milango nayo ifunguke kwa nje, upana wake usipungue futi 5. Mwongozo huo ni wa shule. Mzazi yule yule anayeusoma mkutanoni na kuupigia makofi hurudi nyumbani akalala na watoto wake nyuma ya vyuma vilivyochomelewa pande zote nne, ufunguo wa mlango ukiwa mahali anapopajua yeye peke yake.

Sisemi watu waondoe grili. Nimelala nyumba isiyo na grili Mombasa na nikaamka simu, redio na pasi hazipo. Ninachokisema ni kwamba chuma kisichofunguka ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni komeo dogo ambalo fundi yeyote wa Eldoret anaweza kulitengeneza kwa vipande vya chakavu alivyonavyo chini ya meza.

Kuelekea Langas, karakana

Mafundi wa kuchomelea wamejipanga kando ya barabara, kila mmoja na milango yake ya geti imeegemezwa kwenye miti, imepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Fundi wa shemeji ni kijana mwembamba, miwani ya giza imemkaa juu ya kofia, mikono ina alama za cheche. Alikuwa na mchoro wa dirisha la chumba cha kulala kwenye karatasi ya pakiti ya saruji. Grili kamili, hakuna pa kupita.

"Mzee ameniambia mama kutoka Mombasa ana maneno," akasema, akatuvutia benchi.

Nilimwomba akate sehemu ya grili, futi 2 kwa futi 2 na nusu hivi, aifanye kidirisha chake chenyewe chenye bawaba mbili na komeo. Alielewa kabla sijamaliza. Swali lake la kwanza lilikuwa ifunguke wapi. Ikifunguka nje itagonga mshikio wa bawa la dirisha. Mtu aliyejaa moshi machoni itabidi afungue bawa kwanza, kwa kupenyeza mkono, ndipo asukume grili. Ikifunguka ndani, anavuta grili, kisha anasukuma bawa kwa mwili wake wote. Akachagua ndani. Akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kitanda kisiwekwe chini ya dirisha hilo, maana ubao wa kichwani utaizuia grili isifunguke, na zaidi ya hapo kitanda ndicho ngazi ya mtoto. Shemeji alilazimika kuchora upya mahali pa vitanda.

Komeo. Kufuli la kuning'inia tulikataa sote, kwa kuwa ufunguo hupotea siku unapotakiwa. Fundi akatoa kipande cha bomba, akakitia springi ya chakavu na kijiti kilichonolewa mwisho, akachomelea kishikio cha kuvutwa. Alikiweka juu, usawa wa bega la mtu mzima, mtoto wa miaka mitano asikifikie. Shemeji akauliza lile ambalo kila mwenye nyumba wa Eldoret angeuliza: mwizi akivunja kioo akaingiza mkono, si atavuta komeo hilo hilo? Fundi hakujibu kwa mdomo. Alikata bamba la chuma upana wa kiganja, akalichomelea upande wa nje mbele ya komeo, akatuambia tuzunguke nyuma tujaribu kuingiza mkono. Shemeji alijaribu hadi kiwiko kikachubuka. Mkono unafika kwenye bamba, hauzunguki.

Tulibaki na stei. Stei ya kawaida mtoto huiinua kwa kidole. Ni uzito wake tu unaoishika kijitini. Fundi alikipasua kijiti juu, akakipa kichwa cha kugeuka, mfano wa vile vya milango ya kabati la zamani: kichwa kikilala stei haitoki, kikisimama inatoka. Tukapima tundu la kwanza ili bawa lisifunguke zaidi ya sentimita 10 kichwa kikiwa kimelala. Nilimweleza kuhusu ule mkono wa chuma wa Edinburgh, na jinsi unavyochomolewa kwa vidole viwili kwa makusudi. Akasema anachokitengeneza ni kitu kile kile, tofauti ni kwamba dirisha lake linakwenda nje. Yuko sahihi. Kidirisha cha juu, cha hewa ya jiko, alikubali kukifanya cha kuinamia ndani, mikono miwili ya robo duara kama ile ya ofisini, mmoja kila upande, kwa kuwa upande mmoja ukivunjika wa pili unabaki kushika.

Bei ilipanda, na shemeji alinuna kidogo. Nyumba ina vyumba sita vya kulala na hataki kuzidisha. Walikubaliana kidirisha cha kutokea kiwe kimoja kwa kila chumba cha kulala, na sebuleni ibaki grili ya kawaida kwa sasa. Mimi ningetaka sebule pia, lakini fedha si zangu.

Kabla ya kuondoka, mama mkwe wa shemeji, aliyekuwa ametusubiri garini, aliombwa alijaribu komeo. Ana zaidi ya miaka sabini, na vidole vyake vimekazwa na baridi yabisi. Alivuta mara ya kwanza, halikusogea. Mara ya pili, kwa mikono miwili, likasogea nusu. Fundi akalifungua bomba, akakata springi mizunguko miwili kwa msumeno, akalifunga tena. Safari hii mama alilivuta kwa mkono mmoja. Fundi akaipima springi iliyobaki kwa futi kamba, akaandika urefu wake kwa chaki kwenye ukuta wa karakana, akasema tano zilizosalia atazikata kwa kipimo hicho hicho.